Moto iko nyumbani lakini unaogopa kuitoa: mwongozo kamili kwa wanaoanza kuendesha pikipiki Goma

Kuna moto (pikipiki) nyingi Goma zinalala ndani ya parseli (ua wa nyumba) chini ya shitingi (turubai), na mwenyewe kila asubuhi anasimama barabarani anaita motari (dereva wa moto ya abiria) ampeleke kazini. Amenunua, amemaliza kulipa, kuendesha kidogo anajua, ila akifika tu kwenye mizunguko mikubwa ya mji, Signers au Entrée Présidentielle, mikono inakauka na anageuza kurudi nyumbani.

Wanaoniuliza wengi wanashindwa pale pale. Walifundishwa saa moja kwenye kiwanja, "tia gazi (mafuta), badilisha vitesi (gia), basi umeshajua", kesho yake wakaingia kwenye msongamano. Kutia gazi ni kitu rahisi kuliko vyote. Kinachoondoa woga ni kujua kwamba moto unaweza kuisimamisha pale unapotaka, na kwamba unaweza kuipeleka polepole sana bila kuanguka, na hicho ndicho karibu hakuna anayekifundisha. Hatua zote hapa chini zinazunguka mambo hayo mawili.

Mwongozo huu ni wa moto ya vitesi (TVS, Boxer na ndugu zake) na pia skuta isiyo na ambrayaji (klachi). Zikitofautiana nitasema. Na tafadhali usiruke hatua, kama ya 3 haijakaa vizuri basi ya 7 itakuumiza.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kaske (helmeti) yako mwenyewe. Si ile ya kuazima yenye mkanda uliokatika. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa kulia na kushoto, kama kaske inabaki nyuma wakati uso umegeuka ni kubwa kwako. Kati ya mkanda na kidevu vipite vidole viwili tu. Na ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, tafuta nyingine hata kama kwa nje inaonekana nzima, maana ile povu ya ndani ikishabonyea haikulindi tena.

Viatu vinavyofunika vifundo, suruali ngumu, glovu. Hapa kwetu ukianguka unaangukia mawe ya volkano, na hayo yanachana ngozi vibaya hata kwa mwendo mdogo. Kitu cha kwanza kufika chini ni kiganja, kwa hiyo hata glovu za kazi za ujenzi ni bora kuliko mikono mitupu. Kandambili hapana, hata kwa kwenda dukani.

Moto iliyoangaliwa na fundi. Pine zipigwe upepo kulingana na kibandiko cha moto yenyewe au kitabu chake, upimwe asubuhi zikiwa bado baridi. Mnyororo ucheze juu na chini kama sentimita 2 hadi 3. Freni zote mbili zishike, taa zote ziwake, retro (vioo vya pembeni) ziwe mbili. Usijifunze kwenye moto yenye freni moja mbovu, mwili utazoea vibaya na baadaye ni kazi kubwa kuuzoesha upya.

Bidoni sita za lita moja au chupa za maji zilizojazwa mchanga, za kuweka alama chini.

Kiwanja. Uwanja wa shule wikendi (omba ruhusa), teren ya mpira asubuhi kabla watoto hawajaamka, au barabara ya ndani iliyonyooka isiyo na watu. Chini pawe pagumu na sawa.

Mtu mmoja wa kukusimamia, mwenye subira. Kama ni motari, mwambie mapema kazi yake ni kuangalia tu na kuzuia watoto wasipite, si kupiga kelele "ongeza, ongeza!"

Permi (leseni), karte roze (kadi ya moto), asiransi (bima) na vinyeti (stika ya kodi ya barabara) uwe navyo kabla ya hatua ya 6, kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji. Mtu anayeogopa kusimamishwa na polisi wa barabarani anaendesha macho yake yakitafuta polisi badala ya kuangalia njia.

## Hatua ya 1: Izoee ikiwa imezimwa

Isukume. Tembea nayo ukiwa upande wake wa kushoto, mikono miwili kwenye usukani, zunguka kiwanja, igeuze, irudishe nyuma, isimamishe kwa freni ya mbele, iweke kwenye stendi na uitoe. Fanya mpaka usiwe unafikiria tena.

Sababu: woga mwingi si wa barabara, ni wa uzito, mtu anaogopa itamlalia. Ukishajua inaanza kuwa nzito ikiinama kiasi gani mwili unatulia.

Halafu keti, funga macho, gusa kimoja kimoja bila kuangalia: honi, klinyota (taa ya kuonyesha unageuka), taa, freni, ambrayaji. Kwa moto ya vitesi jifunze mpangilio wa moto *yako*, kwa sababu nyingine zinapanda kwa kukanyaga mbele na nyingine zinapanda kwa kuinua, motari wa jirani anaweza kukufundisha kwa nia njema kabisa mpangilio wa ya kwake.

## Hatua ya 2: Tafuta pale inaposhika

Kwa wenye vitesi: washa, vuta ambrayaji yote, ingiza vitesi ya kwanza, miguu yote chini. *Bila gazi kabisa*, achia ambrayaji polepole sana. Kuna sehemu utasikia sauti ya injini inashuka na moto inataka kusogea mbele kidogo. Hapo hapo, simama, vuta tena. Achia mpaka pale, vuta. Rudia mpaka vidole vinajua pale ni wapi.

Sababu: anayeachia ambrayaji yote mara moja ndiye moto inamruka au inamzimikia katikati ya njia, na kuzimikiwa mbele ya gari inayopiga honi kunamrudisha mtu nyuma wiki nzima.

Kwa skuta: hakuna ambrayaji ya mkono, kwa hiyo kazi yako yote iko kwenye gazi. Zungusha kidogo tu mpaka inaanza kusogea, rudisha. Weka kiwiko chini unaposhika gazi. Ukishika kiwiko kikiwa juu, skuta ikisogea mbele mwili unabaki nyuma, mkono unavutika, na kuvutika huko kunaongeza gazi bila wewe kutaka, ndivyo skuta zinavyoingia ukutani.

Umefaulu kama: unaondoka na kusimama mara kumi mfululizo, haizimiki na hairuki.

## Hatua ya 3: Kwenda polepole kuliko mtu anayetembea

Hapa ndipo pa kukaa siku nyingi, nne, tano, hata kumi. Wengi wanaona aibu kwa sababu inaonekana kama mchezo wa watoto, halafu watu wanasimama kuangalia, na wale motari wa parkingi lazima waseme kitu. Waache waseme.

Mwombe msimamizi wako atembee kawaida kando yako, wewe ukae *nyuma* yake na moto, mita ishirini, bila kuweka mguu chini. Utaona ni kazi.

Jinsi ya kufanya: gazi kidogo na isibadilike, ambrayaji ikae pale pale uliposikia inashika, uwe unaicheza kwa vidole, na freni ya nyuma uiguse kidogo muda wote. Mwendo unaupunguza kwa freni ya nyuma, si kwa kukata gazi, maana ukikata gazi moto inakosa nguvu ya kuisimamisha wima na inaanza kuyumba. Kwa skuta ni hivyo hivyo: gazi kidogo, freni ya nyuma (mkono wa kushoto) inabana kidogo.

Macho! Usiangalie taya (gurudumu) ya mbele. Moto inaenda pale macho yanapoenda, ukiangalia jiwe utalikanyaga lile jiwe hata kama barabara yote ni yako. Angalia mbali, pale unapotaka kufika.

Mkono wa usukani uwe laini, kama umeshika kifaranga. Ukiubana sana mabega yanakuwa magumu na moto haiwezi kujirekebisha yenyewe.

Ukishaweza kwenda moja kwa moja, panga bidoni sita kwenye mstari, hatua tano kati ya moja na nyingine, pita ukizizunguka. Halafu bidoni mbili tu, fanya nane. Halafu geuza nyuma ndani ya upana wa barabara ya mtaa, kulia na pia kushoto (karibu kila mtu ana upande mmoja anaoukimbia, upe huo muda zaidi). Kila unapogeuka kichwa kitangulie, kidevu kielekee begani.

Angalia: usiguse freni ya mbele wakati usukani umekata na mwendo ni mdogo. Taya ya mbele inajikunja, moto inaanguka hapo hapo bila kukupa nafasi. Karibu wote ninaoona wanaanguka kwenye kiwanja wanaangukia kitu hiki kimoja: anageuka, anaogopa, vidole vinabana. Kwenye zoezi la kugeuka toa vidole vyote kwenye freni ya mbele, vishike gazi tu.

Pumzisha moto kila baada ya dakika kumi, ambrayaji inapata joto.

Umefaulu kama: unageuza nyuma pande zote mbili mguu haujagusa chini, na unaweza kumjibu msimamizi akikuuliza kitu huku unageuza. Hiyo ya kuongea ni kipimo kizuri sana, mtu mwenye woga hajibu.

## Hatua ya 4: Kusimama

Kuna maneno yanazunguka mjini kwamba freni ya mbele inapindua, usiiguse. Watu wanaumia kwa sababu ya maneno hayo. Unapofunga freni uzito mwingi unakwenda mbele, taya ya mbele inakandamizwa chini na inashika, ya nyuma inakuwa nyepesi na inateleza. Kwenye lami kavu, freni ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji njia ndefu zaidi, na kwenye msongamano wa Birere njia ndefu hiyo hutaipata.

Kinachopindua ni *kukamata ghafla*. Vidole viwili, gusa kwanza, sikia moto inainama mbele kidogo, halafu ndiyo ubane zaidi na zaidi. Ya nyuma inaingia pamoja, laini.

Zoezi, kwenye lami kavu iliyonyooka: weka bidoni, fika hapo kwa kilomita 20 kwa saa, anza kufunga kwenye bidoni, hesabu hatua mpaka uliposimama. Rudia mpaka hatua zinapungua. Halafu 30. Halafu 40. Usukani unyooke, macho mbele, mwisho mguu wa kushoto chini.

Utaona mwenyewe kwamba kutoka 20 kwenda 40 hatua haziongezeki mara mbili, zinaongezeka karibu mara nne. Tena kwa 40 unapita mita 11 kwa kila sekunde, yaani hata kabla kidole hakijafika kwenye freni umeshapita upana wa barabara nzima. Mwili ukishaliona hilo, mwendo wenyewe utaupunguza bila mtu kukuambia.

Kwenye changarawe mambo yanageuka: ya nyuma ndiyo ifanye kazi zaidi, ya mbele uiguse tu ikiwa moto imenyooka kabisa. Fanya zoezi hilo pia, kwa 15 hadi 20, uisikie ya nyuma inateleza kidogo. Ikiteleza achia, ishike tena.

Umefaulu kama: msimamizi anapiga makofi ghafla nyuma yako na unasimama umenyooka, injini haijazimika.

## Hatua ya 5: Mawe na vumbi

Goma bila mawe haipo. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava ndani ya mji tarehe 17/1/2002 na ikarudi 22/5/2021 upande wa kaskazini, na mitaa mingi ya ndani, Majengo, Katoyi, Mabanga, Ndosho, unaendesha juu ya mawe yenyewe. Kwa hiyo hili si somo la ziada.

Ingia kwenye mawe na vitesi ya kwanza au ya pili, ikiwa imeshachaguliwa *kabla*. Gazi isibadilike. Inuka kidogo kwenye kiti, miguu ikamate vikanyagio, magoti yabane tanki, viwiko vikunjwe. Sababu ni kwamba ukikaa kiti chote kila jiwe linarusha mgongo wako na mgongo unarusha mikono, ukiinuka moto inacheza chini yako peke yake.

Taya ya mbele itacheza kushoto kulia. Iache. Usipigane nayo, usifunge freni ya mbele, chagua njia yako mita kumi mbele na ubaki nayo. Kwenye skuta ongeza tahadhari, taya ndogo zinaingia kwenye mashimo ambayo moto kubwa inayapita juu, chagua mstari ambao magari yameshaulainisha.

Pabaya kuliko pote ni pale mtaa wa mawe unapoingia kwenye lami. Gari zinavuta changarawe nyeusi mpaka juu ya lami na inakaa kwenye kona, nyembamba, huioni vizuri. Punguza mwendo kabla ya kugeuka, pita umenyooka, kisha ndiyo ugeuke.

## Hatua ya 6: Barabara, jumapili asubuhi

Toka saa kumi na mbili na nusu, mji bado haujajaa. Njia fupi unayoijua, kwa mfano Himbi au Katindo, nenda na urudi, nenda na urudi. Usitafute njia mpya leo.

Tunaendesha kulia, lakini usijibane kabisa pembeni: huko ndiko kuna watu wa miguu, mashimo, milango ya taksi. Kaa pale dereva wa nyuma anakuona, wazi kabisa. Na kabla ya kuhama upande wowote: retro, klinyota, halafu *geuza kichwa uangalie begani*. Retro haionyeshi moto iliyo ubavuni, na Goma ubavuni kuna moto kila wakati.

Wa kuwaangalia sana ni watatu. Taksi inasimama popote mtu alipoinua mkono, usiifuate kwa karibu. Motari mwenzako anakata bila alama. Na chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) iliyobeba, zile zinazoshuka kutoka upande wa Munigi na makaa au viazi: ina uzito mkubwa na freni yake ni ya mguu, haiwezi kusimama kwa ajili yako. Mpishe. Kila mara mpishe.

Umefaulu kama: umerudi nyumbani mabega hayaumi. Yakiuma ulikuwa umebana, rudia jumapili nyingine kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 7: Rompwe (mzunguko wa barabara)

Signers, Instigo, ile ya Chukudu, Entrée Présidentielle. Hapa ndipo watu wanageuza kurudi. Kwanza nenda ukasimame pale kwa mguu, robo saa, uangalie tu. Utaona kwamba gari haziendi mbio, zinasukumana polepole, na mwendo wa polepole ndio uliojifunza hatua ya 3.

Siku ya kuingia:

1. Punguza mapema, vitesi ya pili, ya kwanza kama kumejaa.
2. Angalia kushoto, wanaozunguka wanatokea huko. Usisubiri barabara iwe tupu kabisa, haitakuwa, subiri nafasi ambayo utaingia bila mtu kulazimika kufunga freni kwa ajili yako.
3. Ukiamua, ingia. Kuingia nusu na kusimama ndiyo hatari, wa nyuma alishahesabu kwamba umeenda.
4. Ndani, mwendo mmoja, macho kwenye njia utakayotokea.
5. Klinyota ya kulia, begani, toka. Umekosa kutoka? Zunguka tena, hakuna faini ya kuzunguka.

Usikae kamwe upande wa kulia wa lori ndani ya rompwe. Lori likikata kutoka, taya zake za nyuma zinakatiza karibu zaidi kuliko za mbele, na dereva hakuoni. Kaa nyuma yake, meza vumbi.

Na atakayekupigia honi nyuma, honi yake haikusukumi. Huyo anayepiga hajui wewe unaona nini mbele. Wengi wanaingia vibaya kwa sababu ya honi tu, akina mama hasa wanapigiwa zaidi na kuambiwa "mama, toka njiani!", na wanaingia ili wamridhishe mtu wasiyemjua. Mguu chini, subiri nafasi yako.

Anza jumapili, halafu siku ya kazi saa nne asubuhi, na saa ya kutoka kazini iwe ya mwisho.

## Hatua ya 8: Mvua na giza

Mvua ikianza, dakika za kwanza ndizo zinazoteleza zaidi, mafuta na vumbi vinachanganyika juu ya lami. Simama chini ya baraza, subiri isafishe. Baadaye ongeza nafasi mara mbili na epuka rangi nyeupe za barabarani. Dimbwi usilolijua usilipite, chini yake kunaweza kuwa na shimo la goti.

Kwetu giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Panga safari zako za mwanzo ziishe kabla. Vumbi kwenye kioo cha kaske likimulikwa na taa ya gari huoni kitu, kifute kila jioni kwa maji na kitambaa laini.

## Hatua ya 9: Kubeba mtu

Si mwezi wa kwanza. Abiria anabadilisha kila kitu, freni zinachelewa, moto inainama nyuma, kugeuka kunakuwa kuzito. Ukifika hapo rudi kiwanjani, hatua ya 3 na ya 4 zote, safari hii na mtu mzima nyuma mwenye kaske. Mwambie akae karibu, ashike kiunoni, asiinamie upande mwingine mkigeuka. Mtoto usimbebe mpaka umebeba watu wazima vya kutosha na hujasikia tofauti.

## Kama umeanguka, au woga umerudi

Zima injini, toa moto njiani, keti. Tazama mikono, magoti, kichwa. Ukigonga kichwa, hata kama unajisikia vizuri, siku hiyo hupandi tena, nenda kituo cha afya. Moto nayo: mkono wa freni haujapinda? Usukani umenyooka na taya? Kikanyagio cha freni kinarudi?

Baada ya hapo jiulize ilikuwa hatua gani. Uliteleza kwenye changarawe ya kona, rudi ya 5. Ulifunga freni usukani umekata, rudi ya 3. Rudi kwenye hatua hiyo peke yake, kiwanjani, na bidoni zako, kabla wiki haijaisha, na usirudi barabarani mpaka kipimo cha hatua hiyo kimetimia tena.